Jogoo au mtetea: jibu la wiki ya nane

Mama mmoja wa Mwakitolyo alimshika kifaranga wa siku nne miguuni, akamning'iniza kichwa chini mbele yangu. Kifaranga akainua kichwa, akapigapiga vijibawa, akalia. "Bwana mifugo, huyu jike," akasema, akamweka kwenye tenga la kulia. Akamshika mwingine. Huyu alining'inia tu, shingo imelegea. "Huyu dume." Akaenda hivyo mpaka akawamaliza wote kumi na mmoja, bila kusita hata mara moja, kwa mikono ya mtu aliyefundishwa na mama yake ambaye naye alifundishwa na mama yake.

Sikumbishia. Nilimwomba tu afunge uzi mguuni mwa kila mmoja: mwekundu kwa wale aliowaita majike, mweusi kwa wale aliowaita madume, na kila wiki aulegeze kadiri mguu unavyonenepa. Nikamwahidi kurudi.

Alikuwa na sababu ya kutaka kujua mapema. Miezi michache nyuma kijana mwenye pikipiki alipita mtaani na maboksi ya vifaranga, akiapa kwamba ni mitetea watupu. Mama akanunua ishirini kwa bei ya juu kidogo kuliko kawaida. Waliofika ukubwani walikuwa tisa, na kati yao majogoo walikuwa wengi kuliko mitetea. Kijana wa pikipiki hakuonekana tena.

Swali lake ndilo ninaloulizwa kuliko mengine yote katika ukanda huu, kuanzia Solwa na Salawe mpaka upande wa Geita: nitamjuaje jogoo akiwa bado mdogo? Msimamo wangu ni huu. Kwa kuku wa kienyeji, siku ya kwanza hakuna jibu unaloweza kuliamini, na anayekuuzia jibu hilo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Jibu lipo, tena la bure, kuanzia wiki ya 6 hadi ya 10. Kazi ya mfugaji ni mbili: kumfikisha kifaranga huko akiwa hai na mwenye afya, na kutouza kabla hajajua anachouza.

Hapa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, kazi hiyo ya pili ni ngumu kuliko inavyosikika. Pesa ya dhahabu huja kwa mafungu. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likitema, jioni hiyohiyo jogoo huulizwa nyumba hadi nyumba na bei haibishaniwi. Mwamba ukikauka au maji yakijaa shimoni, wiki tatu hupita bila mtu kuulizia hata yai. Kwa hiyo mwenye kuku hauzi pale kuku wake wanapofaa kuuzwa; huuza pale mteja anapotokea, au pale mtoto anapodai daftari na sare. Mteja mwenye haraka hajali jinsia, anataka kuku wa kuchinja leo. Anayekamatwa basi ni yule anayekamatika: mtetea mpole anayechakura karibu na jiko. Jogoo mkorofi hupanda mti na kuponea huko. Nimekuta mji wenye majogoo saba na makoo wawili, na mwenye mji analalamika kwamba kuku wake wamekuwa wavivu wa kutaga.

Tuanze na anayeamua jinsia. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Kwa kuku mambo yamegeuka. Jogoo ana kromosomu mbili za jinsia zinazofanana, Z na Z. Kuku jike ana Z na W. Jogoo hana cha kuchagua, kila mbegu yake hubeba Z. Yai la mama ndilo hubeba ama Z, kifaranga akawa dume, ama W, akawa jike. Na hilo hupita ndani ya mwili wa koo karibu siku nzima kabla yai halijatagwa, wakati ganda halijawekwa bado.

Ndiyo maana umbo la yai halisemi kitu. Najua kila kijiji kina bingwa wa kuchagua mayai ya kuatamisha, ya mviringo kwa mitetea na yenye ncha kwa majogoo. Imani hiyo ni ya kale sana na haikuzaliwa kwetu peke yetu. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mayai marefu yenye ncha hutoa majike. Pliny, Mrumi wa karne ya 1, akaandika kwamba majike hutoka kwenye mayai ya mviringo. Wote wawili walikuwa wasomi wakubwa, na hawawezi wote kuwa sahihi. Ukweli ni kwamba ganda hufinyangwa na mrija wa uzazi wa koo, na koo mmoja hutaga mayai ya umbo lilelile mwaka mzima huku vifaranga wake wakiwa wa jinsia zote.

Wengine huniambia joto la mashine ya kutotolesha likizidi, majogoo huongezeka. Wapo wanyama ambao jinsia yao huamuliwa na joto la kiota, kama mamba wa Ziwa Victoria na kasa wa baharini, lakini kuku si mmoja wao. Kwa kuku, joto likizidi unachopata ni vifaranga wachache, vilema na wafu ndani ya maganda.

Na yule koo "anayetotoa majogoo tu"? Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa hesabu. Uwezekano wa kila kifaranga ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Ukilea vifaranga 8, kupata wanne kwa wanne sawasawa hutokea kama mara 27 tu katika kila 100. Kupata majogoo 6 au zaidi kati ya 8 hutokea karibu mara 1 katika kila 7. Katika mtaa wenye makoo ishirini wanaoatamia, basi, wawili au watatu watawatia wenye mji uchungu bila kosa la mtu yeyote. Msimu ujao zamu itawaangukia wengine. Nimeona koo mzuri, mlezi hodari, akichinjwa kwa shutuma hiyo, na nilisikitika kweli, maana malezi mema ni sifa ambayo mabinti zake wangeweza kuirithi.

Je, duniani hakuna anayeweza kumtambua kifaranga wa siku moja? Wapo. Katika miaka ya 1920 watafiti wa Kijapani, Kiyoshi Masui akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba ndani ya tundu la kutolea haja la kifaranga kuna kinundu kidogo kama kichwa cha pini, na kwamba umbo lake hutofautiana kwa dume na jike. Shule zikafunguliwa, mafundi wakasambaa duniani. Fundi hodari hupitisha vifaranga zaidi ya 800 kwa saa na hukosea wachache sana. Lakini hujifunza kwa muda mrefu, kwa maelfu kwa maelfu ya vifaranga, na baadhi ya majike wana kinundu kinachokaribia kufanana na cha dume. Mtu aliyeona video kwenye simu akaanza kubinya vifaranga kumi na mmoja wa mama yule wa Mwakitolyo atawapasua matumbo, maana siku hizo za mwanzo kiini cha yai bado kimo ndani ya tumbo la kifaranga.

Njia ya pili ni mbawa. Katika mbari fulani za kibiashara, majike huanguliwa wakiwa na manyoya ya bawa marefu kuliko yale mafupi ya juu yake, na madume huwa nayo sawasawa. Njia hiyo hufanya kazi kwa sababu wazalishaji wamepanga wazazi kwa makusudi, baba wa kuota manyoya haraka na mama wa kuota polepole. Kuku wetu wa mtaani wamechanganyika mno. Ukisoma mbawa zao unasoma ukoo, husomi jinsia.

Ya tatu naipenda, kwa sababu mfugaji wa kawaida anaweza kuitengeneza nyumbani. Tafuta jogoo mwekundu wa Rhode Island Red, mweke na mitetea wa Plymouth Rock, wale wenye michirizi myeusi na myeupe. Vifaranga wao wote huanguliwa weusi, na wale wenye doa jeupe utosini ni madume. Kinasaba cha michirizi kimekaa kwenye Z. Mama ana Z moja tu, na hiyo humpa mwanawe wa kiume, kwa kuwa binti hupokea W kutoka kwake. Ukigeuza, jogoo akawa wa michirizi na mitetea wekundu, vifaranga wote hupata mchirizi na siri inapotea. Na ukizalisha watoto wa kizazi hicho wao kwa wao, uhakika umekwisha. Kijana wa pikipiki anayeapa kwamba ana mitetea watupu aulizwe basi: baba yao ni nani na mama yao ni nani? Akishindwa, lipa bei ya vifaranga mchanganyiko au mwache aende zake.

Chotara wanaouzwa sana sasa, Sasso wenye asili ya Ufaransa na Kuroiler wa India, ambao mradi ulioongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, uliwajaribu Tanzania, Ethiopia na Nigeria, hukua haraka na hutaga zaidi kuliko wa kienyeji. Mnunuzi wa kawaida huwapata mchanganyiko, na kwa rangi zao za kila namna hana doa la kumsaidia.

Kwa hiyo tunarudi kwenye kungoja. Na hapa ndipo wafugaji wengi hunielewa vibaya, wakidhani kungoja ni kukaa. Kifaranga aliyedumaa hasomeki. Upanga wa jogoo mwenye njaa, minyoo au kuhara damu hubaki mdogo na mweupe kama wa mtetea, na mwenye kuku humhesabu jike mpaka siku atakapowika. Malezi mabovu huua vifaranga, na wanaobaki huficha jinsia zao.

Joto ndilo la kwanza. Kifaranga hana manyoya ya kweli mpaka wiki kadhaa zipite, ana malaika tu. Wiki ya kwanza bruda, ambayo wengine huiita kinengunengu, iwe na nyuzi 32 hadi 35, kisha upunguze kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Vifaranga wenyewe ndio kipimo. Wakirundikana karibu na chanzo cha joto na kulia kwa sauti kali, wana baridi, na wa chini watakufa kwa kukosa hewa kabla ya alfajiri. Wakikimbilia ukutani wametanua mbawa na kuhema, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kulala popote, nenda kalale na wewe. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu hauna huruma, na upepo wa kiangazi hupenya kwenye bati na turubai. Wengi hutumia chungu cha mkaa. Kitumike, lakini mkaa uwe umeshika vizuri na kufunikwa majivu, na juu ya chumba pawe na upenyo wa hewa, maana moshi wa mkaa huua vifaranga kimya kimya, na huua watu pia. Chini weka maranda au pumba ngumu za mpunga, na palipolowa paondolewe siku hiyohiyo. Kuhara damu huanzia kwenye unyevu.

Chakula ndipo makosa ya kwetu yalipo makubwa. Shinyanga ni nchi ya pamba, na mashudu ya pamba yapo na ni nafuu, basi mtu anayamwaga kwa vifaranga akijua kwamba ni protini. Ni protini kweli, lakini yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba. Ng'ombe mkubwa huihimili kwa sababu ya tumbo lake la kucheua. Kifaranga hana tumbo hilo, hudumaa, huvimba na hufa. Hata koo anayetaga akipewa kwa wingi, kiini cha yai lake kikikaa siku kadhaa hubadilika rangi kikawa cha kijanikijani, na mteja atakurudishia. Mashudu ya alizeti ndiyo ya kuku. Changanya na pumba laini au mahindi ya kuparazwa, na dagaa wa ziwani waliosagwa baada ya kupepetwa mchanga. Mahindi yaliyoota ukungu usiyatoe kwa kuku eti kwa sababu hayamfai binadamu. Sumukuvu iliyomo huua kifaranga haraka kuliko inavyomdhuru mtu mzima.

Na kuna chakula ambacho wazee wetu walikijua kabla ya duka lolote la pembejeo. Chukua chungu kibovu, jaza mabua makavu na kinyesi cha ng'ombe kilicholowa kidogo, kifudikize jioni juu ya njia ya mchwa. Asubuhi na mapema kimejaa. Kung'uta mbele ya vifaranga, uone. Hakuna mchanganyiko wa dukani uliowahi kuwafanya wakimbie namna ile.

Maji, sasa. Hapa sitazunguka, kwa kuwa Mwakitolyo si kama vijiji vingine. Penye makarasha ya kusaga mawe na mialo ya kuosha dhahabu kuna zebaki. Dhahabu ikichomwa, zebaki hupaa na kutua ardhini, na kuku ni mnyama anayekula kwa kuchakura ardhi. Inaingia kwake, na kupitia yai inaweza kuingia kwa mtoto wako. Mabwawa ya mitambo inayotumia sianidi ni mabaya zaidi kwa sababu huua papo hapo. Ndege hunywa na kuanguka hatua chache kutoka ukingoni. Usifuge kuku wa kuachia karibu na marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa. Usiwape maji katika dumu au ndoo iliyobeba kemikali za mgodini, hata ikioshwa mara kumi na sabuni. Na zebaki isichomwe jikoni wala uani, mahali ambapo watoto na vifaranga hulala pamoja kwenye udongo uleule. Kama nyumba yako imebanwa na mialo pande zote, fuga ndani ya banda lenye sakafu, au usifuge. Nayasema haya nikijua kwamba kwa wengine kuku ndio mtaji pekee.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, nakiweka peke yake. Hakina tiba. Kikiingia mwishoni mwa kiangazi, wakati upepo wa vumbi unavuma, mtaa mzima hufagiwa kwa wiki moja. Shingo hupinda, kinyesi huwa cha kijani, na asubuhi unazoa. Katika makazi ya mgodi hatari ni kubwa kuliko kijijini kwa sababu kuku huingia kila siku kutoka minadani, wamefungwa miguu kwenye pikipiki, na hakuna ajuaye walikotoka. Chanjo ya I-2 inazalishwa hapahapa nchini, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa jua kali huiharibu na ikishachanganywa haihifadhiwi kwa kesho. Ni tone moja jichoni kwa kila kuku, kifaranga kwa mkubwa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wengi mno kwa mwenye vifaranga kumi na mmoja. Ndiyo sababu nawaambia kina mama wachangishane mtaa mzima siku moja, wanunue chupa moja, wapige wote. Kuchanja mji mmoja kati ya ishirini ni kumchanja jirani wa wagonjwa.

Mwewe, kunguru, paka na panya wanamaliza wanaobaki. Kwa hilo sina hekima mpya. Mpaka wiki ya 6 vifaranga wakae ndani ya tenga au wavu, waone jua bila kuonwa na mwewe. Kuna faida nyingine kubwa: ukiwatenga mapema na kuwalea mwenyewe, koo hurudi kutaga baada ya wiki chache badala ya kuzurura nao miezi mitatu. Koo wa kienyeji anayeachiwa kila kitu hutaga mitago kama mitatu tu kwa mwaka, ya mayai 12 hadi 15 kila mmoja, na muda uliobaki ni wa kuatamia na kulea.

Ukifika hapo na vifaranga wenye afya, tazama sasa.

Wiki ya 3 na ya 4, angalia mgongo na mkia. Majike huvaa mapema: mkia mdogo uliosimama, mabega yamefunikwa. Madume hubaki uchi mgongoni kwa muda, mkia kisiki. Usikate shauri bado. Wiki ya 5 na ya 6, wasimamishe kwenye mwanga wa asubuhi uangalie upanga. Wa dume umepanda, mpana kwenye shina, umeanza wekundu, na ndevu zinachungulia chini ya mdomo. Wa jike ni mwembamba, wa manjano au waridi iliyopauka. Miguu ya dume ni minene na hatua zake ni ndefu. Ukiwalinganisha wa umri mmoja na mama mmoja, utapatia wengi.

Ila si wote, na hapa ukanda wetu una mtego wake. Kuchi, yule mrefu mwenye misuli, ambaye vinasaba vyake vina ukaribu na kuku wa kupigana wa Asia, ana upanga mdogo uliobana kichwani hata akiwa jogoo kamili. Na miguu yake ni mirefu, awe dume au jike. Ukimpima kwa upanga utamwita kila mmoja mtetea. Chotara wengi wa mtaani wana damu ya Kuchi bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo alama ninayoiamini kuliko zote ni ya wiki ya 8 hadi ya 10. Mshike kuku, mlaze mapajani, fungua manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Kwa dume utaona manyoya mapya membamba, marefu, yanayong'aa, yenye ncha kali kama mkuki. Kwa mtetea manyoya ya mahali hapo yana ncha ya mviringo kama ukucha wa kidole gumba. Shingoni ni vivyo hivyo, lakini kwa kuku wa kishingo shingo haina manyoya ya kusoma, ndiyo maana nasisitiza kiuno. Alama hii haitegemei upanga. Haidanganywi na Kuchi.

Kuwika si kipimo cha mapema. Wengine huanza wiki ya 8, wengine hukaa kimya miezi minne wakimwogopa jogoo mkubwa. Kipi cha mguuni nacho huchelewa, na makoo wazee wengine huotesha. Tena yupo kuku jike anayewika. Katika jamii zetu nyingi huo ni mkosi na huchinjwa siku hiyo. Mkosi haupo. Kuku jike hutumia ovari moja tu, ya kushoto, na ikiharibiwa na ugonjwa au uzee, ile ya kulia iliyolala huweza kuamka na kutoa homoni za kiume. Upanga hukua, manyoya hubadilika, naye huwika. Mayai hayatarudi, basi mchinje kwa sababu hiyo.

Ukishajua, panga. Jogoo mmoja hutosha mitetea 8 hadi 10, na asiwe mtoto wa makoo hao. Badilishana na mtu wa kijiji cha mbali. Majogoo waliobaki walishe mpaka duara liteme. Hapa Mwakitolyo jogoo ana bahati ambayo mwenzake wa viwanda vya mayai hana. Huko madume wa mbari za kutaga huuawa siku waliyoanguliwa, kwa mabilioni kila mwaka duniani, kwa kuwa hawatagi na nyama yao hailipi. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 1, 2022, na sasa huko wanatumia mashine za kutambua jinsia ndani ya yai. Kuku wetu wa kienyeji hana dume wa kutupwa. Jogoo wa miezi sita ana mteja mgodini, ana harusi, ana mgeni. Anayepotea kwetu ni mtetea, anayeuzwa kwa bei ya kitoweo siku moja kabla ya kuanza kutaga.

Nilirudi kwa mama yule wiki ya 10. Mwewe alikuwa amechukua mmoja, mwingine alikufa usiku wa baridi. Tisa walikuwepo, nyuzi miguuni, watano nyekundu na wanne nyeusi. Tukawalaza mapajani mmoja mmoja, yeye anafungua manyoya, mimi naandika. Katika wenye uzi mwekundu, aliowaita majike, watatu walikuwa majogoo. Katika wenye uzi mweusi, wawili walikuwa mitetea. Alikuwa amepatia wanne kati ya tisa.

Hakucheka wala hakukasirika. Alichukua wembe akakata nyuzi zote, akafunga mpya, safari hii nyekundu nne tu, kwa mitetea wanne wa kweli. "Hawa, bwana mifugo, hata mteja aje na nini," akasema, akawarudisha bandani.

Wewe mwenye vifaranga nyuma ya nyumba leo, hesabu wiki nane kwenye kalenda na uitie alama. Kabla ya siku hiyo usiuze hata mmoja.